Kadi za chanjo ninazo, mbona mbwa wanakohoa?

SWALI: Shikamoo daktari. Ninalaza mbwa wa watu wanaosafiri, nina vyumba 12. Simpokei mbwa asiye na kadi ya chanjo. Mwezi uliopita mmoja alianza kukohoa kikavu, kama aliyekwamwa na mfupa. Nikamtenga siku ile ile, lakini wiki haikuisha wakawa watano. Nilikosea wapi?

JIBU: Marahaba. Kadi endelea kuidai, ila isome na tarehe. Chanjo ya Bordetella, bakteria mmoja wa kikohozi hiki, ile ya kudondoshea puani huchukua siku kadhaa kabla ya kufanya kazi, na ya sindano huhitaji dozi mbili, wiki 2 hadi 4 kati yake. Mbwa aliyechanjwa asubuhi ya kuletwa kwako bado hana kinga. Tena kikohozi hiki kina vyanzo vingi: bakteria huyo wa Bordetella, virusi vya parainfluenza, adenovirusi, mafua ya mbwa. Chanjo hupunguza makali tu.

Lakini mimi nina wasiwasi na ndoo yako. Nikiwa bado mgeni kazini niliitwa kwenye banda ambako mgonjwa alitengwa vizuri, mlango umefungwa, na bado wenzake waliugua. Nikakaa asubuhi nzima nikitazama. Kijana wa usafi alianza na yule mgonjwa kwa kumwonea huruma, akambembeleza kifuani, kisha akapita vyumba vyote na dekio lile lile. Virusi vya mafua ya mbwa huweza kuishi kwenye nguo hadi saa 24, na kwenye vyuma au sakafu hadi 48.

Kwa hiyo anza na wazima, mgonjwa awe wa mwisho kabisa, na awe na ndoo, dekio, bakuli na koti la kazi lisilotoka chumbani mwake. Uchafu utoke kwanza kwa sabuni, maana jiki ikikutana na kinyesi huishiwa nguvu. Ndipo upake sehemu 1 ya jiki kwa 32 za maji, uiache dakika 10, usuuze, ukaushe.

Halafu ingia bandani alfajiri kabla hujafungua dirisha. Ukichomwa pua na harufu ya mkojo, jua mbwa wameivuta usiku kucha, na amonia huwachubua njia ya hewa. Feni inayozungusha hewa ile ile haisaidii. Weka ya kuitoa nje.

Wanaokohoa usiwavute kwa mkanda wa shingoni, wala usiwape dawa ya kikohozi ya binadamu. Asiyekula au anayehema kwa shida apelekwe kwa daktari leo.

Jambo moja hukulitaja. Dalili huweza kuchelewa hadi siku 14, na mbwa asiyekohoa huweza kuambukiza. Wote waliolala kwako wiki ile na wamesharudi kwao, wapigie simu wenye mbwa hao. Najua unaogopa kupoteza wateja. Wapigie hata hivyo, wasije wakawapeleka kucheza na wengine.