Barua kwa Mwanangu: Penye Shaka Ndipo pa Kusita

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza kama ni lazima kila sentensi ya tasnifu yako ya Kiingereza ibebe maneno ya kusita kama "may" au "perhaps", kwa kuwa msimamizi wako alilikata neno "proves" katika rasimu ya kwanza, nawe ulipolibadilisha kuwa "it may possibly seem that", akakuuliza pembeni mwa ukurasa unadai nini hasa.

Naona alikuwa na haki mara zote mbili. Maneno ya kusita hayawekwi kwa ajili ya adabu; humwonyesha msomaji uzito wa ushahidi ulio nao. Ikiwa umewahoji watu arobaini tu, "suggests" yatosha, maana "proves" hudai kwamba maelezo mengine yote yamekwisha kuondolewa. Lakini ukirundika "may", "possibly" na "seem" juu ya dai moja, dai lenyewe hupotea. Nashuku kosa hili tunalibeba kutoka lugha yetu, ambamo "huenda" hutangulia na kitenzi kikafuata hali hiyo, kama tusemavyo "huenda ikanyesha"; tukifika kwenye Kiingereza tunaweka "maybe" mwanzoni na "may" katikati, tukidhani tumetimiza sarufi. Wanasayansi Watson na Crick, walipotangaza muundo wa DNA, kemikali inayobeba urithi wa viumbe, mwaka 1953, walitumia "suggest" peke yake, na hakuna aliyewaona waoga.

Jambo gumu zaidi ni kwamba maneno haya hayana kipimo kimoja. Mwaka 1951 wachambuzi wa ujasusi wa Marekani waliandika kwamba kushambuliwa kwa Yugoslavia ni "a serious possibility". Mwenzao Sherman Kent alipowauliza baadaye kila mmoja alikusudia nini, majibu yalitofautiana kutoka asilimia 20 hadi 80, ingawa wote walikuwa wamelipitisha neno hilo hilo. Ndiyo maana jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi hufafanua kwamba "likely" ni uwezekano wa kuanzia asilimia 66, na "very likely" kuanzia asilimia 90. Nawe ukiwa na tarakimu, itaje.

Sura ya mbinu iache kavu: ulichopima umekipima, na "perhaps" haina kazi hapo. Sura ya matokeo nitumie kabla hujampelekea msimamizi wako.

Mama yako