Ndege inashuka "kwa" futi 10,000 au "hadi" futi 10,000?

Msomaji wetu mmoja wa Entebbe anauliza: "Naandika habari za usafiri wa ndege. Niliandika rubani aliiwekea otopailoti, ule mtambo unaoongoza ndege wenyewe, ishushe ndege kwa futi 10,000, mwenzangu akanikatalia, anasema ni hadi. Nani yuko sahihi? Na hiyo otopailoti tuiiteje?"

Mwenzako yuko sahihi ndugu yangu, na tofauti hapo ni ya maelfu ya futi. "Kwa" inataja kiasi kilichopungua, "hadi" inataja pale unapoishia, sukari ikishuka kwa shilingi 1,000 na ikishuka hadi shilingi 1,000 kila mtu sokoni anajua hayo ni mambo mawili. Sasa chukua ndege iko futi 37,000. Ikishuka kwa 10,000 bado iko 27,000, huko juu kabisa. Ikishuka hadi 10,000 inatakiwa ipunguze futi 27,000, na marubani wana hesabu yao ya maili 3 za baharini kwa kila futi 1,000, so hapo unahitaji maili kama 81, yaani ndege inaanza kushuka abiria hata hawajaanza kuwaza Ziwa Victoria.

Halafu angalia mtambo wenyewe unavyofanya kazi. Rubani haiambii ipunguze kiasi gani, anazungusha swichi ya duara mpaka kidirisha kionyeshe kimo alichoruhusiwa na waongozaji wa ndege, otopailoti inashusha, ikikaribia namba ile inanyanyua pua taratibu na kutulia hapo hapo, haiendi chini zaidi mpaka iwekewe namba nyingine, isipokuwa mwishoni ikiwa imeshanasa mawimbi ya redio yanayoielekeza kwenye njia ya kutua. Kwa hiyo "hadi" ndo inasema kile rubani alichofanya kweli.

Neno "kimo" nalo lishike vizuri. Ukiandika "urefu wa ndege" msomaji atawaza kutoka pua mpaka mkia. Na useme kimo kutoka wapi, manake uwanja wa Entebbe wenyewe uko kama futi 3,782 juu ya usawa wa bahari, ndege iliyo kwenye kimo cha futi 10,000 hapo juu yake iko kama futi 6,200 tu kutoka ardhini.

Kuhusu jina, mi naandika otopailoti, inaingia ngeli ya i-/zi- bila shida: otopailoti imewashwa, imezimwa. "Rubani wa otomatiki" siitaki kabisa, inamfanya msomaji aone kama viti vya mbele vimebaki wazi, na wakati marubani wawili wako pale wanaisimamia.

Sentensi yako basi iwe hivi: "Rubani aliiwekea otopailoti kimo cha futi 10,000 kutoka usawa wa bahari, na ndege ikaanza kushuka hadi hapo." Usiweke "kutua", hiyo ni mpaka magurudumu yaguse.