Jina la kisayansi hutolewa na nani, na kwa nini hubadilika

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Mmea ulioukuta msituni ambao haumo kwenye vitabu utapewa jina na nani? Unaweza kuuita kwa jina la bibi yako? Na kwa nini majina haya hubadilika ilhali tunaambiwa yaliwekwa ili yadumu? Nitayajibu yote, lakini kuna jambo moja ambalo likieleweka mapema mengine yatajipanga yenyewe: jina la kisayansi limefungwa kwenye sampuli. Maelezo yanaweza kukosewa, mtaalamu anaweza kubadili mawazo, sampuli inabaki.

Kwanza, hakuna ofisi yoyote duniani inayotoa majina. Bustani ya mimea ya Kew kule London hawatoi, Nairobi hawatoi, Umoja wa Mataifa hautoi. Jina hutolewa na yeyote aliyelichapisha kwa kufuata kanuni. Mimea, kuvu na mwani wana kanuni zao, wanyama zao, bakteria zao. Kwa mimea hesabu inaanzia 1 Mei 1753 na kwa wanyama 1 Januari 1758, tarehe zinazofungamana na vitabu viwili vya Linnaeus wa Sweden. Jina la kabla ya hapo halihesabiki. Bakteria walianza upya 1 Januari 1980. Hakuna kifungu kinachokuuliza una shahada gani. Kinachoulizwa ni kama umechapisha mahali panapokubalika, umeeleza tofauti ya kiumbe chako na jamaa zake, na umetaja sampuli moja itakayobeba jina. Sampuli hiyo inaitwa holotaipu.

Chukua kipunji, yule kima wa Mlima Rungwe. Watafiti walimwona Rungwe mwaka 2003, wenzao wakamkuta msitu wa Ndundulu, Udzungwa, mwaka 2004. Alipotangazwa mwaka 2005 kwa jina Lophocebus kipunji hapakuwa na ngozi wala fuvu. Holotaipu ilikuwa mnyama hai aliyepigwa picha. Kanuni za wanyama zinaruhusu hilo, kwa maana kwamba holotaipu ni yule mnyama anayeonekana, picha yenyewe siyo. Wapo waliolalamika, na hoja yao ilikuwa nzito: huwezi kupima meno kwenye picha. Baadaye kima mmoja dume alifia kwenye mtego wa mkulima huko Rungwe. Mwili ukapatikana, fuvu likapimwa, vinasaba vikasomwa, ikaonekana undugu wake na nyani wa jenasi Papio (jenasi ni kundi la spishi zenye undugu wa karibu, ndilo neno la kwanza la jina) ni wa karibu kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Neno kipunji, ambalo ndilo jina analoitwa na wenyeji, halikuguswa. Jenasi ni maoni kuhusu undugu, kwa hiyo inahamishika. Jina la spishi limekaa na mnyama wake.

Sasa tuje kwenye mmea wako. Usianze na jina, anza na kuhakikisha kweli ni mpya. Kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania ilianza kuchapishwa 1952 ikakamilika 2012, na ina spishi zaidi ya 12,000. Mara nyingi kinachoonekana "hakimo kitabuni" ni mche mchanga wenye majani tofauti na ya mti mzima, au chipukizi lililoota kwenye kisiki, au mmea wa kigeni uliotoroka bustanini. Bila ua au tunda, wataalamu wengi hawatakujibu, na wana haki, kwa sababu familia nyingi hutenganishwa kwa sehemu za ua.

Kabla ya kukata chochote, kibali. Tanzania utafiti unapitia COSTECH, Kenya unapitia NACOSTI, yaani tume za sayansi na teknolojia za nchi hizo, na ukiwa ndani ya hifadhi utahitaji pia ruhusa ya wenye hifadhi. Wengine huona ni urasimu tu, lakini majarida makini yanauliza namba ya kibali, na sampuli isiyo na karatasi haivuki mpaka kwenda kulinganishwa na za nje.

Ukishapata kibali, kata tawi lenye majani, maua na ikiwezekana matunda, litoshee karatasi ya kubandikia ambayo ni kama sentimita 42 kwa 29. Kata mapande matano au sita ya mmea uleule, siku ileile, namba ileile. Lipange kwenye gazeti, jani moja ligeuzwe ili upande wa chini uonekane, maana vinyweleo na tezi za upande huo ndizo mara nyingi hutofautisha spishi. Weka katikati ya kadibodi zenye mifereji, kaza kwa mikanda, na badilisha magazeti kila siku kwa siku za mwanzo. Ukizembea hapo, ukungu unaingia ndani ya siku chache, majani yanakuwa meusi na kudondoka. Tunda nene lisilobanika litie kwenye bahasha yake na uandike namba ileile.

Kwa ajili ya vinasaba, chana vipande vya jani bichi safi uvitie kwenye jeli ya silika, zile punje zinazofyonza unyevu, yenye uzito mara kumi ya jani. Kesho yake vishike: vikivunjika kwa sauti, vimekauka, vikipinda, badilisha silika upesi. Mvua ikigoma kukatika, watu wa porini hulowesha magazeti kwa spiriti ndani ya mfuko wa plastiki, na umbo la mmea linahifadhika vizuri tu. Lakini spiriti hiyo huharibu vinasaba, kwa hiyo silika itangulie. Wa samaki na vyura wana mtego wa aina hiyo: fomalini hukamata umbo na kuharibu vinasaba, hivyo kipande cha nyama kinakatwa kwanza na kutiwa kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Na lebo za ndani ya chupa ziandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida unayeyuka kwenye ethanoli, na chupa isiyo na lebo ni taka.

Lebo ndiyo nusu ya thamani ya sampuli. Jina la mahali, viwango vya GPS, mwinuko kwa mita, tarehe, mkusanyaji na namba yake. Kisha yale yote ambayo sampuli kavu haitayasema: urefu wa mti, gamba likoje, utomvu una rangi gani, ua lilikuwa na rangi na harufu gani, udongo, kivuli, wenyeji wanauitaje na wanautumiaje. Zambarau ya leo itakuwa kahawia baada ya mwezi.

Kwa nini mapande matano? Usiku wa kuamkia 2 Machi 1943 hebaria ya Berlin, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, iliteketea kwa mabomu. Humo ndimo zilimokuwa holotaipu nyingi sana za mimea iliyokusanywa enzi za Wajerumani, Usambara, Uluguru, Kilimanjaro. Majina ambayo nakala zake zilikuwa zimepelekwa kwingine yaliokolewa: mtaalamu huchagua nakala moja kuwa lektotaipu, jina linaendelea. Pasipobaki kitu, huteuliwa sampuli mpya kabisa, neotaipu, na hapo unabaki kubahatisha mwandishi wa awali alikuwa anauzungumzia mmea upi. Kwa hiyo seti moja ibaki nchini, kwenye hebaria ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au ile ya Afrika Mashariki iliyoanzia Amani na kuhamia Nairobi mwaka 1950, nyingine zigawanywe. Holotaipu kubaki kwenye ardhi ilikotoka ni jambo la kupigania. Mwanafunzi wa Lushoto asilazimike kupata viza ya Ulaya ili aone mmea wa Lushoto.

Kwenye kuchapisha ndiko wengi wanakokwama. Kwa mimea, tangu 1 Januari 2012, maelezo yawe kwa Kilatini au Kiingereza. Kabla ya hapo Kilatini kilikuwa cha lazima kuanzia 1935. Chapisho la mtandaoni linakubalika likiwa PDF yenye namba ya ISSN au ISBN, na lazima utaje holotaipu na hebaria iliyomo. Kwa kuvu, kuanzia 2013 unatakiwa pia namba ya usajili. Kwa wanyama, chapisho la mtandaoni lazima lisajiliwe kwanza ZooBank, daftari la mtandaoni la majina ya wanyama, na usajili huo uonekane ndani ya makala yenyewe. Ukisahau, jina halipo kikanuni hata kama dunia nzima inalitumia. Hapa kuna jambo ambalo wasomaji wa Kiswahili wanapaswa kulijua: kanuni za wanyama hazilazimishi lugha ya maelezo, zinashauri tu lugha inayosomwa na wengi. Maelezo ya mdudu mpya kwa Kiswahili yanakubalika kikanuni. Jina lililotajwa bila maelezo, au lililotupwa kwenye bango la mkutano au mtandao wa kijamii, halina uzito wowote, na lina madhara: mtu mwingine anaweza kulichapisha ipasavyo, tena kwa sampuli tofauti.

Bibi yako sasa. Inaruhusiwa kabisa. Kujipa jina lako mwenyewe hakuna kifungu kinachokataza, ila ni aibu mbele ya wenzako, haifanyiki. Tuseme bibi anaitwa Mwanaisha na mmea ni wa jenasi Impatiens: utakuwa Impatiens mwanaishae, herufi ndogo, bila nafasi. Mimea na wanyama hutofautiana kidogo kwenye viambishi. Kwa mimea, jina la mtu linaloishia na a huongezwa e, awe mke au mume. Kwa wanyama, mwanamume hupata i, ndiyo maana yule mamba wa kale wa Rukwa, Pakasuchus kapilimai wa mwaka 2010, anayemuenzi Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ana ai mwishoni. Mahali huchukua -ensis, kama udzungwensis. Kiswahili nacho kinaingia bila kikwazo: Asilisaurus kongwe wa Tanzania, Shingopana songwensis wa Songwe, Simbakubwa kutokaafrika wa Kenya. Ushauri wangu: tumia jina la wenyeji au la mahali kila inapowezekana. Na kagua kwanza kama jenasi hiyo haina jina hilohilo tayari.

Kosa la namna hiyo lilitokea Tendaguru, Lindi. Mwaka 1908 Fraas, mtaalamu wa visukuku Mjerumani, aliwaita dinosaria wakubwa wa pale Gigantosaurus, bila kuzingatia kwamba Mwingereza Seeley alishalitumia jina hilo mwaka 1869. Jina moja haliwezi kuwa la jenasi mbili za wanyama. Leo mmoja ni Tornieria africana na mwingine ni Janenschia robusta. Alikuwa robustus, jenasi ilipobadilika jinsia kwa Kilatini, kivumishi kikafuata. Karafuu ni vilevile: Linnaeus aliiita Caryophyllus aromaticus, leo ni Syzygium aromaticum (L.) Merr. & L.M.Perry. Mabano hayo yanasoma hivi: Linnaeus ndiye aliyetoa neno, Merrill na Perry ndio waliolihamishia Syzygium. Kwa wanyama aliyehamisha hatajwi, mabano tu yanakuashiria. Panthera leo (Linnaeus, 1758): simba alianza akiwa Felis leo.

Kubadilika kwingi basi ni kwa namna hii: undugu umeeleweka vizuri zaidi, jenasi zikaunganishwa au kugawanywa. Ua la Usambara tulilolijua kwa jina Saintpaulia ionantha sasa liko ndani ya Streptocarpus, linaitwa Streptocarpus ionanthus, kwa sababu vinasaba vilionyesha limeota katikati ya ukoo huo.

Lililouma zaidi ni la migunga. Acacia ilipoonekana si ukoo mmoja, ilibidi igawanywe, na kwa kanuni jina hubaki upande wenye sampuli inayobeba jina la jenasi. Hiyo ilikuwa mgunga wa Afrika, Acacia nilotica. Waaustralia wenye spishi karibu 1,000 waliomba sampuli ibadilishwe iwe ya kwao. Kwenye kongamano la wanabotania la Vienna mwaka 2005 zaidi ya nusu ya kura zilipinga, lakini ilitakiwa asilimia 60 kuliangusha pendekezo lililokwisha kupitishwa na kamati. Likapita, likathibitishwa Melbourne 2011. Ndiyo maana migunga ya Serengeti leo ni Vachellia tortilis na Senegalia senegal. Hakuna jani lililobadilika. Sampuli ilihamishwa, jina likaifuata. Naelewa kwa nini walifanya hivyo, majina 1,000 ni mengi, lakini haki haikuwa upande huo.

Yapo pia mabadiliko yasiyo ya undugu. Julai 2024, Madrid, wanabotania walipiga kura maneno ya ukoo wa caffra, yaliyobeba tusi kwa Waafrika, yaandikwe affra na mfano wake. Yanagusa spishi zaidi ya 200 za mimea, kuvu na mwani. Tume ya majina ya wanyama imekataa kubadili majina kwa misingi hiyo.

Kwa hiyo ukiona jina kwenye kitabu cha zamani usilifute. Liandike pamoja na mwandishi wake, kisha litafute IPNI, orodha ya mtandaoni ya majina ya mimea, ujue lilichapishwa wapi na lini, halafu tovuti ya Plants of the World Online uone leo mmea unaitwaje. Kwa samaki kuna Eschmeyer's Catalog of Fishes. Kwenye lebo ya sampuli jina jipya hubandikwa kando ya la zamani, pamoja na jina la aliyeamua na tarehe; karatasi ya kwanza haibanduliwi kamwe.

Weka picha za ua ulilolipasua ili ndani yake ionekane, jani pande zote mbili, na mwinuko wa mahali. Familia tutaijua hapahapa, kisha tutakuelekeza nani anashughulika nayo.