Fuko mgongoni mwa mgonjwa

SWALI: Shikamoo. Najifunza Kiingereza peke yangu kwa kamusi. Nimekuta "mole" ni fuko, mara ni jasusi, mara ni kipimo cha kemia. "Mouse" (panya) na "bug" (mdudu) nayo nimeyakuta kwenye mambo ya kompyuta. Hawa wanyama wadogo wana nini? Nikariri yote?

JIBU: Marahaba. Usikariri kabla hujayatenga. Neno hilo liliwahi kuniumbua: nilipoanza kutafsiri nilipewa maelezo ya daktari, nikaandika kwamba mgonjwa "ana fuko mgongoni". Aliyeipitia kazi yangu alinichorea fuko pembeni mwa karatasi, pamoja na sharubu zake.

Daktari alimaanisha kidoa cheusi cha ngozi. Hilo ni neno jingine kabisa la Kiingereza cha kale, lililokuja kufanana na la mnyama. Kipimo cha kemia nacho kimetoka Kijerumani, kifupisho cha molekuli. Moli moja ni chembe 6.022 × 10²³. Hata ukuta wa kukinga mawimbi bandarini huitwa "mole", huo ukitoka Kilatini. Katika kundi zima ni jasusi tu aliyezaliwa na fuko, maana naye huchimba chini kwa chini. Kamusi nzuri hukusaidia: tazama tarakimu ndogo iliyopandishwa juu ya neno. Tarakimu ikibadilika, hilo ni neno jingine.

"Mouse" haisumbui. Kipanya cha kwanza cha kompyuta, cha Douglas Engelbart na Bill English mwaka 1964, kilikuwa kiboksi cha mbao chenye waya kama mkia. Mimi hufurahishwa zaidi na "muscle", yaani msuli: asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya kipanya. Kunja mkono, utamwona akipita chini ya ngozi.

Kuhusu "bug", utasimuliwa kuwa hitilafu za kompyuta ziliitwa hivyo baada ya mdudu kunaswa ndani ya mashine ya Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1947. Kunaswa alinaswa, akabandikwa kwa utepe kwenye daftari. Ila Thomas Edison alishaandika "bugs" kwa maana ya hitilafu mwaka 1878. Ndiyo maana wale wa Harvard waliandika kwa utani kwamba safari hii amepatikana mdudu wa kweli.

Mdudu mwenyewe alikuwa nondo. Sasa mweleze Mwingereza anayejifunza Kiswahili kwamba nondo ni mdudu, ni chuma cha zege, na ni hoja nzito za msemaji.