Kabla ya kununua skana ya negativu, fungua kwanza lile bati la picha

Watu huniuliza wanunue skana gani, nami huwarudishia swali: negativu zako, yaani vile vipande vya filamu vilivyosafishiwa picha, zina upana gani? Zetu nyingi ni za 35 mm, lakini harusi ya wazazi ilipigwa studio kwa filamu pana, ile yenye picha za mraba za sentimita 6 kwa 6. Hapo skana ya Plustek OpticFilm 8200i ikajiondoa yenyewe, maana filamu pana haiingii. Nikachukua skana ya Epson Perfection V600 inayokubali zote mbili. Kama kwenu ni 35 mm na slaidi (filamu zenye picha ya rangi halisi, kila moja kwenye fremu yake ndogo) pekee, usinifuate. Plustek itakupa picha kali zaidi.

Ile mashine ya stesheneri ya kuskani vyeti haifai. Inasoma mwanga unaorudi kutoka kwenye karatasi, wakati filamu inataka mwanga upenye. Tafuta yenye taa kwenye mfuniko.

Namba ya kwenye boksi isikubabaishe. V600 imeandikwa nukta 6,400 kwa inchi, lakini undani inaousoma haufiki hata nusu ya hapo. Mimi naiweka 2,400, picha ya 35 mm inatoka na pikseli milioni 8 hivi. Kwa 6,400 utapata milioni 55, za kujaza diski tu.

Kinachostahili hela yako ni skana yenye infraredi, mionzi isiyoonekana kwa macho, hasa kwa vumbi letu hili la Dar. Mionzi hiyo hupenya rangi za filamu ila huzuiwa na vumbi na mikwaruzo, ndipo programu inapojua pa kuziba. Kwenye filamu ya nyeusi na nyeupe izime: madini ya fedha yanayounda picha nayo huizuia mionzi hiyo, na programu itaona uso wa bibi ni uchafu. Huko tumia kipulizio cha mpira, si mdomo, mate hubaki. Penye ukungu usipitishe maji kabisa, kwani jelatini, ile tabaka inayobeba picha, ikishaliwa na ukungu huyeyuka.

Ukipata skana ya mtumba Kariakoo, dai fremu za kushikia filamu, na usome kwenye adapta kama inakubali volti 230.

Ukianza kazi, nusa. Filamu yenye harufu ya siki imeanza kuoza. Itajikunja hadi isilale tena kwenye fremu. Hizo ziskani kwanza, kisha zihifadhi mbali na nyingine, maana mvuke wake huziharibu.