Maswali ya Wasomaji: Kobe Mgeni Mwenye Gamba Bovu

SWALI: Daktari, shikamoo. Jirani yetu alihama akatuachia kobe wake mkubwa mwenye madoa meusi na manjano, ambaye kwa miaka mingi aliishi pamoja na bata kwenye banda lenye sakafu ya saruji isiyokauka. Tulipomwinua ili tumwoshe, tuliona kwamba gamba la tumboni lina vishimo vyenye unga mweupe, na sehemu moja karibu na mguu wa nyuma ni laini, ina majimaji na inanuka. Ukingoni nyuma ametobolewa tundu akafungwa waya, na mgongoni amepakwa rangi ya mafuta ya buluu. Ana kupe pia. Muuza duka la dawa za mifugo alitushauri tununue ivermektini ya kuua kupe, na shangazi yangu anasema tumpake mafuta ya nazi mpaka gamba ling'ae. Tufuate lipi? – Msomaji, Kilifi.

JIBU: Marahaba. Msifuate hata moja kati ya hayo mawili, na hasa la ivermektini, kwa kuwa hilo litamuua kobe kabla gamba lake halijapata nafasi ya kupona. Dawa hiyo, ambayo kwa ng'ombe na mbuzi ni msaada mkubwa, hupenya hadi kwenye mfumo wa fahamu wa kobe na kasa, ikawapooza misuli, na mnyama akafa kwa kushindwa kupumua. Haifai kwa sindano, kwa kunywesha wala kwa kupaka. Dawa za kuogeshea ng'ombe nazo ziacheni dukani. Kupe watoeni mmoja mmoja kwa kibano, mkimshika kila mmoja karibu kabisa na ngozi na kumvuta taratibu bila kumminya, kisha mtumbukizeni kwenye spiriti. Watafuteni kwapani, kwenye mapaja, shingoni na chini ya mkia, na pia kwenye mishono inayotenganisha vipande vya gamba, ambako wadogo hujibanza wasionekane kwa urahisi. Kama mna mbuzi au ng'ombe, kobe huyu akae mbali nao hadi awe safi: mwaka 2000 Marekani ilipiga marufuku kuingizwa nchini humo kobe wa aina hii kwa sababu kupe wao wanaweza kubeba ule ugonjwa wa mifugo unaojaza maji kwenye mfuko wa moyo.

Sasa tuje kwenye gamba lenyewe. Watu wengi hulichukulia kama kifuniko ambacho mnyama amekibeba, nao hulitendea hivyo, wakalitoboa, wakalipaka rangi na kulisugua kwa msasa. Gamba ni mfupa ulio hai. Uti wa mgongo na mbavu za kobe zimeungana na gamba la juu, na juu ya mfupa huo kuna tabaka jembamba la dutu ile ile inayotengeneza kucha na pembe. Chini ya tabaka hilo hupita damu na neva. Kwa hiyo aliyemtoboa kobe wenu alimtoboa mfupa bila ganzi, na uozo mnaouona tumboni si uchafu wa juujuu tu bali ni kidonda kinachoweza kushuka hadi kwenye mfupa, na kutoka hapo kikaingia kwenye damu.

Kabla ya kutibu, tenganisheni kidonda kilicho hai na kilichokwisha kupona, kwa maana kobe mzee mara nyingi huwa na makovu ambayo hayahitaji dawa yoyote. Kovu ni kavu, gumu, halina harufu, na ukilibonyeza kwa kidole gumba halibonyei. Mistari myeupe au ya rangi ya krimu inayotokea kati ya vipande vya gamba, ikiwa ni misafi na mikavu, ni dalili ya kukua tu. Vishimo vyenye unga mweupe mara nyingi ni maambukizi ya bakteria au kuvu ambayo bado yako juu. Sehemu laini yenye majimaji na harufu ndiyo inayonitia wasiwasi katika barua yako, kwa kuwa hapo tabaka la nje limekwisha achana na mfupa na uozo unaendelea chini yake. Angalieni pia kama gamba la tumbo lina wekundu uliotandaa kwa ndani, kama damu iliyovilia. Mkiuona wekundu huo, au mfupa ukiwa wazi, au funza kwenye kidonda, au kobe akiwa amelegea na hataki kula, msianze matibabu ya nyumbani hata kidogo. Mpelekeni kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo, kwa sababu maambukizi yakishafika kwenye damu atahitaji sindano za antibayotiki zinazopimwa kwa uzito wake, na huenda pia akatolewa sampuli ili ijulikane ni kijidudu gani hasa kinachotibiwa. Sindano ya ng'ombe iliyobaki kwenye friji haiwezi kushika nafasi ya hiyo.

Ile sehemu laini inapaswa kuonwa na daktari hata kama wekundu haupo, kwa kuwa tishu iliyokufa lazima iondolewe chini ya ganzi, na kazi hiyo si ya kisu cha jikoni. Ninyi mnaweza kuanza na usafi, ambao kwa vishimo vya juu huenda ukatosha peke yake. Chukueni mswaki laini na maji ya uvuguvugu, msugueni taratibu hadi unga na uchafu utoke, na kipande chochote kilicholegea na kujiinua chenyewe kiondoeni, lakini msibandue kilichoshika. Kisha chukueni povidoni ayodini, ile dawa ya kahawia ya kusafishia vidonda, muizimue kwa maji hadi iwe na rangi ya chai ya rangi isiyokolea, mpake kwenye vidonda, muiache kwa dakika kumi hivi, msuuze na mkaushe kwa kitambaa safi. Fanyeni hivyo mara moja kwa siku. Dawa isiyozimuliwa haiponyeshi haraka zaidi. Huunguza chembe changa ambazo mnataka zikue. Daktari anaweza kuwaongezea krimu ya silva salfadiazini, ile ipakwayo kwenye majeraha ya moto, nayo pia hupakwa nyembamba baada ya gamba kukauka.

Neno kukauka nimelirudia kwa makusudi. Unyevunyevu wa banda la bata ndio uliomfikisha kobe huyu hapo alipo, na dawa yoyote mtakayompaka haitafua dafu akirudi kulala kwenye saruji iliyolowa. Mtengenezeeni mahali pa kulala pakavu na penye joto, mkitandika magazeti yanayobadilishwa kila siku hadi vidonda vifunge, kwa kuwa mchanga na maranda huingia vishimoni na kubaki humo. Asubuhi mtoeni juani, na mahali hapo pawepo kivuli anachoweza kukifikia mwenyewe. Kobe wa aina hii ni mnyama wa nyika kavu, na jua la Kilifi litamfaa zaidi ya chupa nyingi za dawa. Maji ya kunywa awekewe kwenye sahani pana isiyo na kina, na akishakunywa iondolewe ili asilale ndani yake.

Mafuta ya nazi ni ushauri ninaoukuta mara kwa mara, na naelewa unakotoka, kwa sababu gamba lililopakwa mafuta huonekana zuri. Ila mafuta hunasa vumbi na uchafu, hufunga unyevu ndani ya vishimo, na kuvu hustawi humo. Rangi ya buluu nayo iondoeni, lakini pasiwe na haraka. Mtumie maji, mswaki na ukucha au kipande cha plastiki, mkibandua kidogo kila siku. Thina, petroli na asetoni haziruhusiwi hata tone, kwa kuwa hupenya gambani na mvuke wake humdhuru mapafu, ambayo kwa kobe yamelala chini kabisa ya gamba la mgongo. Rangi ikikataa kutoka mahali fulani, iacheni. Kobe aliyekomaa ataishi nayo bila madhara makubwa.

Kuhusu waya, ukateni kwa koleo pande zote mbili. Ukitoka wenyewe, safisheni tundu kama vidonda vingine. Ukiwa umeshikwa na mfupa ulioota kuuzunguka, msiuvute, mwachieni daktari. Tundu lenyewe huenda likabaki maisha yake yote bila kumsumbua, ilimradi liwe kavu. Msilizibe kwa gundi wala saruji ya meno, na nawaomba msikilize hili kwa makini kwa sababu linafanywa hata na watu wenye nia njema kabisa: kuziba kidonda cha gamba ambacho hakijawa safi ni kuwafungia bakteria ndani ya nyumba yenye joto. Hata gamba lililopasuka kwa kugongwa na gari, siku hizi madaktari wengi hupendelea kulisafisha na kuliunganisha kwa waya au vyuma vidogo huku ufa ukiachwa uweze kuoshwa, badala ya kulifunika lote.

Mpimeni uzito kila wiki na mpige picha ya tumbo lake mkiwa mmesimama mahali pale pale, maana mabadiliko ya gamba ni ya polepole mno kuonekana kwa macho ya kila siku. Vidonda vya juu vinapaswa kukauka ndani ya wiki chache; mfupa huchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka. Chakula chake kiwe nyasi, majani ya porini, majani na maua ya haibiskasi, majani ya mforsadi na vipande vya mpungate vilivyoondolewa miiba, na sukuma wiki mara mojamoja. Ugali, mkate na mabaki ya mezani yakome. Kwa kalisiamu, mko mahali pazuri kuliko wasomaji wangu wengi: okoteni ufukweni ule mfupa mweupe wa dome, uloweni kwenye maji baridi hadi chumvi itoke, uanikeni, kisha muuweke bandani aung'ate apendapo. Na kila anayemshika, hasa mtoto, anawe mikono kwa sabuni, kwa kuwa kobe mwenye afya kabisa anaweza kubeba salmonela, bakteria wanaowaharisha watu.

Jambo la mwisho hukulitaja. Kobe huyu ni mnyamapori, na chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 hamruhusiwi kumweka nyumbani bila kibali. Kwamba mliachiwa na jirani hakubadilishi hilo. Nendeni wenyewe ofisi ya Shirika la Huduma za Wanyamapori (KWS) iliyo karibu, mweleze alivyowafikia na hali aliyonayo. Ni heri kwenda na kidonda kinachotibiwa kuliko kufuatwa. Msimwachilie porini kwa siri, kwani mgonjwa aliyeachiliwa hupeleka maradhi yake kwa wenziwe.

SWALI: Daktari, salaam kutoka Houston. Mwanangu alinunuliwa kobe mdogo aina ya sulkata, naye sasa ana umri wa miezi kumi hivi. Vipande vya gamba lake vimeanza kuinuka katikati, na nikilibonyeza linabonyea. Anaishi kwenye sanduku la kioo karibu na dirisha lenye jua, na chakula chake ni letasi. Aliyetuuzia anasema ni protini iliyozidi. – Baba wa watoto wawili, Texas.

JIBU: Una matatizo mawili, na yasichanganywe. Ulaini ndio wa haraka. Kobe aliyetoka yaini karibuni huwa na gamba linalobonyea kidogo, lakini akifikia miezi kumi linapaswa kuwa gumu, na kutokuwa gumu kwake kunaonyesha kwamba mifupa yake yote, si gamba peke yake, inakosa kalisiamu. Jua la dirishani humpa joto tu. Kioo huzuia miale ya jua isiyoonekana, iitwayo UVB, ambayo bila hiyo mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini D wala kuitumia kalisiamu. Mtoe nje juani akiwa analindwa dhidi ya mbwa na ndege, na ndani umwekee taa ya UVB ya mrija mrefu, ukiibadilisha kwa wakati ulioandikwa na watengenezaji, kwani miale hiyo huisha huku taa ikiendelea kuwaka kama kawaida. Letasi karibu yote ni maji. Mpe nyasi, na kwenye maduka ya vyakula ya Kimeksiko, ambayo huko kwenu hayakosekani, uliza nopales: ni mpungate uliokwisha ondolewa miiba. Nyunyizia chakula unga wa kalisiamu usio na fosforasi. Pamoja na hayo mpeleke kwa daktari wa reptilia apigwe eksirei na kupimwa damu, na uache kulibonyeza gamba.

Kuhusu ule uvimbe wa vipande, aliyekuuzia anaisingizia protini. Utafiti uliofanywa Vienna kwa vifaranga wa sulkata, ukachapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba hewa kavu ndiyo iliyochangia zaidi, na protini kidogo sana. Houston kuna unyevu tele nje, lakini kiyoyozi huunyonya wote ndani. Mfunikie sehemu ya sanduku, mtengenezee pango lenye kuvumwani iliyolowana, na unyevu wa hewa uwe karibu asilimia 80 huku akiwa na joto wakati wote, kwa kuwa unyevu wenye baridi humletea nimonia. Vilivyokwisha inuka havitashuka. Utaona tu gamba jipya likiota laini na tambarare. Wala usiyachukue haya kuwa kinyume cha niliyomwambia msomaji wa Kilifi: yeye ana kobe aliyekomaa mwenye kidonda kinachooza, wewe una kifaranga anayekua. Mwambie mwanao pia kwamba sulkata aliyekomaa anaweza kupita kilo 40, naye huchimba.

SWALI: Nimeuziwa na vijana barabarani kobe mdogo aliye bapa kabisa. Gamba lake ni laini hata la tumboni linabonyea anapopumua. Nimpe kalisiamu kiasi gani? – Msomaji, Dodoma.

JIBU: Usimpe yoyote, haumwi. Huyo ni kobe bapa wa miambani, ambaye mifupa ya gamba lake ina nafasi wazi kwa maumbile ili aweze kujipenyeza kwenye nyufa za mawe, na akitishwa hukimbia badala ya kujikunyata. Hutaga yai moja tu kwa wakati mmoja, biashara ya wanyama wa kufugwa imempunguza vibaya, na tangu mwaka 2019 yumo katika orodha ya kwanza ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka. Mpeleke ofisi ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) leo, na ueleze ni barabara gani uliyouziwa, kwa sababu mahali alipotolewa ndipo wanapoweza kumrudisha. Usimweke kwenye jabali lolote utakaloliona njiani.