Rezidensi Marekani: mshahara umeshapangwa, chunga tarehe za stahiki zako

Matokeo ya Match, mfumo wa kitaifa unaowapangia madaktari programu za rezidensi, yakishatoka wiki ya tatu ya Machi, usipoteze usingizi ukiwaza namna ya kuomba nyongeza ya mshahara. Mshahara wa rezidenti, yaani daktari anayesomea ubingwa huku akifanya kazi hospitalini, haujadiliwi na mtu mmoja mmoja. Wa mwaka wa kwanza katika hospitali moja kwa kawaida hulipwa sawa, awe wa upasuaji au wa magonjwa ya watoto, na matokeo yenyewe yanakufunga wewe na programu. Mwaka 2002 kundi la marezidenti lilifungua kesi likidai mfumo huu unaua ushindani wa mishahara. Mwaka 2004 Bunge la Marekani likapitisha sheria ya kuukinga, na kesi ikafa.

Programu nyingi hulipa mwaka wa kwanza dola sitini na kitu elfu hadi sabini na kitu elfu. Saa zina kikomo cha 80 kwa wiki kwa wastani wa wiki nne, na siku moja katika saba iwe huru. Malipo ya saa za ziada hayapo, kwa kuwa sheria ya kazi huwatoa madaktari, marezidenti wakiwemo, kwenye kundi linalolipwa hivyo. Kwa hiyo hospitali moja huizidi nyingine kwenye stahiki zinazoambatana na mshahara: bima, likizo, akiba ya uzeeni. Nyingi kati ya hizo hazikunyimwi na mtu. Unazikosa kwa sababu tarehe imepita hujajaza fomu.

Kanuni za ACGME, chombo kinachoidhinisha programu za mafunzo ya ubingwa, zinaitaka hospitali imweleze kwa maandishi kila anayeitwa kwenye usaili kuhusu mshahara, likizo, bima ya afya, bima ya ulemavu na bima ya madai ya kitabibu. Basi ulizia mapema, kabla hujapanga orodha ya programu unazozipendelea kwa ajili ya Match. Omba vitu viwili: mkataba wa mfano na kijitabu cha stahiki. Mkataba peke yake mara nyingi ni kurasa chache zinazorudia maneno "kwa mujibu wa sera za hospitali", na viwango na tarehe zimo kwenye hizo sera. Angalia pia kama marezidenti wa hapo wana chama cha wafanyakazi. Tangu uamuzi wa bodi ya uhusiano kazini wa 1999 uliohusu hospitali moja ya Boston, marezidenti wa hospitali binafsi wanatambuliwa kuwa waajiriwa wenye haki ya kujiunga. Palipo na chama, mkataba wa pamoja ndio wa kusoma kwanza, maana posho za chakula, za vitabu na za usafiri usiku huwa zimeandikwa humo kwa tarakimu.

Ukianza kazi, siku 30 za mwanzo ndizo za kuchunga kuliko zote. Kwa kawaida huo ndio muda wa kujiandikisha kwenye bima ya afya wewe na familia. Ukizembea, utasubiri dirisha la mwaka, ambalo mara nyingi hufunguliwa mwishoni mwa mwaka na bima huanza Januari. Uliza pia bima inaanza siku gani hasa. ACGME inataka wewe na wategemezi wako muwe na bima tangu siku ya kwanza unayostahili, na kama siku hiyo haiangukii siku ya kuripoti, hospitali ikupe mapema taarifa za bima ya muda ili uinunue ukitaka. Wengine huripoti katikati ya Juni kwa ajili ya mafunzo elekezi huku bima ikianza Julai 1, kisha mtoto anaumwa katikati hapo.

Katika kuchagua mpango, usitazame makato ya kila mwezi tu. Tazama kiasi utakachotoa mfukoni kabla bima haijaanza kulipa, na kikomo cha juu cha matumizi yako kwa mwaka mzima. Mpango wa makato madogo wenye kiwango kikubwa cha kutanguliza unamfaa kijana asiye na mtegemezi. Kwa mwenye mke mjamzito ni mtego.

Mtoto akizaliwa au ukioa ama kuolewa, sheria inakupa angalau siku 30 za kumwongeza mwenzako au mtoto bila kusubiri dirisha la mwaka, na kwa mtoto bima hurudi nyuma hadi siku aliyozaliwa. Familia inayowasili baadaye kutoka nyumbani ni suala jingine. Si kila mpango unahesabu kuwasili kwao kuwa sababu ya kufungua dirisha, kwa hiyo ulizia kwa barua pepe na uhifadhi jibu.

Wenye J-1, viza ya wageni wa mafunzo, wana sharti la ziada ambalo ofisi ya rasilimali watu huweza isilifahamu. Kanuni za viza hiyo zinataka bima yako, na ya wategemezi walio kwenye J-2, iwe na angalau dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa, dola 50,000 za kusafirishwa kwa matibabu, na dola 25,000 za kurudisha mwili nyumbani endapo mtu atafariki. Kiasi cha kutanguliza kisizidi dola 500 kwa kila ajali au ugonjwa. Bima ya hospitali hulipia matibabu vizuri, lakini si ajabu ikakosa vile viwili vya kusafirishwa. Hapo hununuliwa bima ndogo ya nyongeza. Pitia kama hospitali inainunua yenyewe au inakuachia.

Sasa makato. Hati ya mshahara wa kwanza isomwe mstari kwa mstari. Kodi ya hifadhi ya jamii ni asilimia 6.2, ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, asilimia 1.45, jumla asilimia 7.65. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua Januari 2011 kwamba marezidenti si wanafunzi katika hesabu hii, hivyo wanalipa. Lakini mwenye J-1 aliyeingia Marekani kwa mara ya kwanza huhesabiwa si mkazi wa kikodi kwa miaka miwili ya kalenda, na katika kipindi hicho makato hayo hayamhusu. Angalia neno "kalenda": hata siku moja ya mwaka huhesabika mwaka mzima. Aliyeingia Juni 2025 anatumia mwaka 2025 na 2026, na makato yanaanza Januari 2027. Ni miezi kumi na minane na ushee, si ishirini na minne. Aliyewahi kuishi huko kwa viza ya F (ya wanafunzi) au J hesabu yake ni tofauti, na wa H-1B, viza ya kazi, hukatwa tangu siku ya kwanza.

Kwa mshahara wa dola 66,000, asilimia 7.65 ni dola 5,049 kwa mwaka. Mfumo wa mishahara humkata kila mtu isipokuwa aliyeelezwa vingine, na kosa hili ni la mara kwa mara. Ukikatwa kimakosa, mwandikie mwajiri kwanza arudishe. Akikataa ndipo unajaza Fomu 843 kwa mamlaka ya kodi. Kumbuka pia kwamba katika miaka hiyo unawasilisha Fomu 1040-NR, ya kodi ya wasio wakazi, pamoja na Fomu 8843, na lile punguzo la kawaida wanalopewa wakazi hulipati. Programu za kodi za mtandaoni zinazotumiwa na wenzako wodini nyingi hukuingiza kwenye fomu ya wakazi kimyakimya.

Likizo ya uzazi, ya ugonjwa na ya kuuguza ndugu imebadilika. Tangu Julai 1, 2022, ACGME inataka kila rezidenti apewe angalau wiki sita za likizo ya namna hiyo, mara moja katika mafunzo yake yote, kwa mshahara kamili, kuanzia siku anayotakiwa kuripoti. Bima ya afya na ya ulemavu ziendelee. Tena ibaki angalau wiki moja ya likizo yenye malipo ya kutumia nje ya hizo sita. Usichanganye na sheria ya shirikisho ya wiki 12: ile haina malipo, na inadai uwe umefanya kazi kwa mwajiri huyo miezi 12 na saa 1,250. Aliye mwaka wa kwanza hajafika.

Kuna jambo linalowaumiza wengi hapa. Hospitali kukupa ruhusa na bodi ya ubingwa kukuhesabia muda ni mambo mawili tofauti. Kila bodi ina kikomo chake cha siku za kutokuwapo. Ukikizidi, unahitimu baada ya wenzako, na kama umeshapata nafasi ya ubingwa bobezi inayoanza Julai 1 unaweza kuipoteza. Kabla ya kwenda likizo, mwombe mkurugenzi wa programu akuandikie tarehe mpya ya kumaliza. Mwenye J-1 aitaarifu pia ECFMG, taasisi inayodhamini viza yake, kupitia ofisi ya mafunzo.

Bima ya ulemavu wengi huiruka kwa sababu ni vijana. Ile ya pamoja ya hospitali mara nyingi hulipa kama asilimia 60 ya mshahara baada ya kungoja siku 90 au 180. Tafuta kwenye maandishi tafsiri ya ulemavu: ni kushindwa kufanya kazi ya fani yako, au kazi yoyote ile? Mpasuaji aliyepoteza vidole viwili bado anaweza kufundisha darasani, na chini ya tafsiri ya pili huenda asipate kitu. Mchango ukilipwa na mwajiri, fidia hutozwa kodi. Ukiulipa mwenyewe kwa fedha iliyokwisha kodiwa, fidia haitozwi. Baadhi ya hospitali zina mpango wa kununua bima yako binafsi bila kupimwa afya. Kama una kisukari, pumu au historia ya msongo, anza na mpango huo. Ukiomba kwanza ile ya kawaida ukakataliwa, mara nyingi mlango wa bila vipimo nao hujifunga.

Bima ya madai ya kitabibu hospitali inalazimika kukupa, pamoja na kukukinga kwa madai yatakayoletwa baada ya wewe kuondoka, ilimradi tendo lilikuwa ndani ya mafunzo. Wamarekani huita kinga hiyo ya baadaye "mkia". Haigusi zamu za nje za kujiongezea kipato. Na zamu hizo wa mwaka wa kwanza haruhusiwi, wa J-1 haruhusiwi kabisa, na kwa wengine saa zake zinaingia kwenye zile 80.

Kwenye akiba ya uzeeni, 403(b) au 401(k), uliza maswali mawili: mwajiri anachangia, na mchango wake unakuwa wako baada ya muda gani? Ulichoweka wewe ni chako tangu mwanzo. Cha mwajiri kinaweza kudai miaka mitatu, na rezidensi ya magonjwa ya ndani ni miaka mitatu kamili. Hakikisha jinsi wanavyohesabu, kabla hujaomba kuondoka wiki moja mapema. Ukitoa fedha kabla ya umri wa miaka 59 na nusu, pamoja na kodi kuna adhabu ya asilimia 10.

Posho ya kuhamia hutozwa kodi, kwa hiyo dola 2,000 zilizoahidiwa hazifiki mkononi zote. Posho ya masomo mara nyingi hurudishwa kwa risiti na hufutika Juni 30. Mitihani ya leseni, leseni ya jimbo, koti, maegesho: soma ni nani analipa kila kimoja.

Siku ya mwisho nayo ina tarehe zake. Bima ya afya hukatika siku unayomaliza au mwisho wa mwezi huo, na kazi mpya huweza kuanza Agosti. Sheria ya COBRA inakuruhusu kubaki kwenye bima ileile hadi miezi 18 kwa kulipa mchango wote mwenyewe, hadi asilimia 102 ya gharama. Una siku 60 za kuamua, na ukiichagua inarudi nyuma hadi siku ilipokatika. Kwa pengo la mwezi mmoja, wengi huweka fomu mezani, hawalipi, na huijaza tu kama kuna aliyeugua kabla ya siku ya 60. Mwenye J-1 asifanye hivyo, kwa sababu viza yake inamtaka awe na bima kila siku.